Zuhura, Mimi Ndiye Niliyesema

Zuhura,

Ni mimi, Njoki wa Kayole. Naandika nikiwa mezani jikoni kwetu, saa tisa mchana, na dirisha nimelifunga kwa sababu jirani wa chini amewasha jiko la makaa. Laiti ungezikwa hapa Nairobi, makaburini Kariokor, ningekuwa nimekuja zamani, nikasimama kando ya ukuta nikakuambia niliyo nayo, kisha nikarudi nyumbani. Lakini ulibaki India, katika makaburi niliyoyaona mara moja tu, kupitia lango. Kwa hiyo nimechukua karatasi.

Miaka minne imepita. Ungekuwa na miaka kumi na saba kama mimi. Huwa najaribu kukuongezea miaka nikashindwa. Kila ukija unakuja na miaka kumi na mitatu, na sweta yako ya kijani, na mrija wa oksijeni puani.

Na unakuja kweli. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa napanda ngazi za nyumba yetu nikitoka shule, nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Mara mbili fupi, kisha moja ndefu inayoishia kama mluzi. Nilijua ni wewe kabla sijageuka. Ngazi zilikuwa tupu. Nikapanda tena, nikakusikia tena, na safari hiyo nikagundua kwamba kikohozi kile kinatoka kifuani mwangu.

Sikumwambia mtu. Lakini hayo yatafika. Ngoja nianze pale ambapo wewe unapajua.

Unakumbuka benchi la kliniki hapa Nairobi? Ulinitazama, ukautazama mtungi wangu wa oksijeni, ukauliza, "Wewe wa wapi?" Nikasema Kayole. Ukasema, "Kayole ni ushago yenye stima." Nilicheka, mimi kuitwa mtu wa kijijini, hadi sista akaja kunipima. Kwenu Majengo, ulisema, ndiko Nairobi yenyewe ilikozaliwa, hao wengine wote ni wageni. Nikakujibu kwamba hata hiyo stima yetu hupotea kila siku, na ikipotea Mama hubeba mashine yangu ya oksijeni hadi kwa kinyozi mwenye jenereta, mimi nikikaa kwenye kiti cha wateja nikivuta hewa huku watu wakinyolewa. Ulitaka nikusimulie hiyo tena na tena.

Mimi nilipata nimonia mbaya nikiwa mchanga, ikaacha makovu, njia ndogo za hewa zikaziba moja baada ya nyingine. Wewe mishipa ya damu ya mapafu yako ilibana, moyo ukachoka kusukuma. Magonjwa mawili mbalimbali, na daktari wetu akawaambia mama zetu neno lilelile wiki moja: dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kupandikiza mapafu mengine, na hapa nyumbani hakuna anayewafanyia watoto kazi hiyo. Majengo wakachanga, Kayole wakachanga, msikiti na kanisa. Tukaenda India.

Chumba kile cha kupanga karibu na hospitali bado nakiona kuliko ninavyoiona nyumba hii. Vitanda viwili, mama wawili kwenye magodoro chini, mashine mbili za oksijeni zikinguruma. Ya kwako uliiita ng'ombe. Mama yako alipika, wangu akaosha vyombo, kwa sababu mama yako hakutaka sufuria ichanganywe na nyama ya kule nje, na mama yangu alisema sawa tu, mradi yeye asipike. Tulizungumza Sheng mbele ya wauguzi tukiwasengenya wakiwa palepale. Na kila jioni ulifanya zoezi lako: ulikaa kitini, ukavuta pumzi yote uliyokuwa nayo, ukajaribu kuita wateja kama watu wa mitumba wa soko la Gikomba. "Chagua, chagua mama!" Sauti ilikuwa ikikatikia kwenye "chagua" ya pili. Ulisema ukipata mapafu, kitu cha kwanza ni kusimama juu ya meza Gikomba uite hadi wakufukuze.

Ndiyo hapo daktari mrefu wa kule alipotueleza mambo yalivyo, kwa upole, akichora kwenye karatasi. Mapafu ya mtu mzima hayaingii katika kifua cha mtoto. Lazima yatoke kwa mtoto wa kimo chako, mwenye damu ya kundi lako, na wazazi wake wakubali siku ileile, wakiwa bado wanalia. Mapafu huharibika upesi kuliko viungo vingine. Na watoto wa nchi ile wako mbele yetu, sisi wageni tunapata yale ambayo mwenyeji hakulingana nayo. Wewe ulisikiliza yote, kisha ukauliza, "Kwa hivyo sisi tunangoja mtoto afe?"

Yule daktari aliweka kalamu chini. Alisema, "Hatumngojei afe. Tunangoja, ikiwa amekufa, asife bure." Hukuridhika, nilikuona. Tangu siku hiyo uliacha kuomba mapafu. Uliniambia unaomba tu Mungu afanye lililo sawa, na mimi nikaona umenizidi, kwa sababu mimi niliendelea kuomba mapafu.

Halafu ilikuja ile habari ya damu. Tulipoambiwa kwamba kundi letu ni moja na kimo chetu kimepishana kidogo tu, tulifurahi kama wajinga. Uliwaambia wauguzi sisi ni mapacha wa Eastlands, upande wetu wa Nairobi. Siku mbili baadaye ulisimamisha kijiko wakati wa kula, ukaniangalia, nikakuangalia, tukajua sote kwa pamoja: mapafu yatakayokutosha wewe ndiyo yatakayonitosha mimi. Hatukulisema kamwe. Uliniongezea tu wali.

Sasa ile asubuhi.

Nilikuwa macho kabla ya wewe kuamka. Kitanda chako kilikuwa kinatetemeka, nikadhani ni ng'ombe wako. Nikanyoosha mkono kukuamsha, nikakuta mkono wako unachoma. Ulifungua macho. "Ni baridi tu," ulisema, na meno yanagongana. Nilitaka kumwita mama yako, ukanishika.

"Usiseme, Njoki."

"Zuhura, una homa."

"Itashuka. Usiseme, tafadhali."

Simu ya Mama ikalia wakati tunakunywa chai. Kuna mapafu. Mtoto kutoka mji mwingine, kimo chetu, hakuna mwenyeji aliyelingana. Wewe ni wa kwanza kwa sababu moyo wako umechoka zaidi. Mimi nije pia, kama akiba, endapo litatokea la kutokea. Mama yako alipiga vigelegele, halafu akalia, halafu akaanza kukusuka upya. Mimi nilivaa viatu na sikukutazama.

Hospitalini walituweka katika chumba kimoja, pazia katikati. Sista alikupima joto, lilikuwa sawa. Nikashangaa. Nikajiambia, basi, imeshuka kama alivyosema. Lakini nilikuwa nimeushika ule mkono. Na nilikumbuka maneno ya daktari: ukiingia na ugonjwa mwilini, dawa za kuulazimisha mwili ukubali mapafu mageni zitaulaza ulinzi wako wote, na ugonjwa utakula bila kuzuiwa. Hatoki mtu pale.

Ulinichungulia kwenye pazia. Ulitabasamu. Ulisema, "Nikitoka leo kwenye orodha, sirudi tena. Unajua."

Sista alipokuja upande wangu kunichoma sindano nilimwambia. Kwa Kiingereza changu kibovu. Nilisema asubuhi alikuwa na homa, alitetemeka. Sista aliacha sindano nusu. Waliingia wengi upande wako. Nikasikia wakivuta mashine ya picha za kifua, nikamsikia mama yako akiuliza kuna nini, kuna nini. Baada ya muda wa saa moja hivi yule daktari mrefu alifungua pazia, akaja kwangu, akaketi kitandani, akasema mapafu sasa ni yangu. Nyuma yake nilikuona. Ulikuwa umegeukia ukuta. Sweta ya kijani, mgongo, nywele zilizosukwa upya. Hukugeuka waliponisukuma kupita.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipokuona, Zuhura. Mgongo.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira kooni na mirija kila mahali, na nilikuwa napumua. Nisamehe nikikuambia ilivyokuwa. Ilikuwa kama mtu ameondoa jiwe ambalo nimelibeba tangu nizaliwe nikidhani ni sehemu ya mwili wangu. Niliandika kwenye ubao mdogo: ZUHURA? Mama akasema umehamishiwa wadi nyingine. Nikaandika tena siku nyingine. Akasema unapumzika. Aliniambia wiki tatu baadaye, nilipoweza kutembea hadi dirishani. Nimonia. Siku tisa baada ya ile asubuhi. Walikuwa wamekwisha kukuzika, na mama yako alikuwa amerudi Nairobi na begi la nguo zako.

Daktari aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba picha ingeonyesha tu, hata kama nisingesema. Labda. Labda aliniambia hivyo kwa sababu nilikuwa mtoto. Mimi nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Nilijua nilikupenda na sikutaka ufe kwenye meza ile. Na nilijua nani yuko nyuma yako kwenye foleni. Mambo hayo mawili yalikuwa katika kinywa kimoja, kwa wakati mmoja, na sijawahi kujua lipi lilisukuma ulimi.

Nimeishi nayo hivi. Nameza vidonge asubuhi na jioni, saa ileile, mikono inatetemeka, uso umevimba. Barakoa kila niendapo. Sinunui chakula cha barabarani, siendi Gikomba. Wengine wananiita mtoto wa miujiza. Kliniki huniita nizungumze na wazazi wapya, na daktari wetu hunieleza mambo yanavyosonga. Siku hizi huko nje wana mashine inayoyatunza mapafu yakiwa na joto, yakipumua yenyewe ndani ya kasha la kioo, wapate muda wa kuyakagua na kuyatengeneza. Wanajua pia kupunguza pafu la mtu mkubwa litoshe kifua kidogo. Nilimuuliza kama muda huo ungekutosha wewe. Alifikiri, maana ni mtu wa kweli, akasema, "Homa ile haikuwa ya kupona kwa saa kadhaa, Njoki."

Mama yako sikuwahi kwenda kumwona. Miaka minne. Nilipita njia ndefu ili nisikaribie Majengo.

Kisha kikaja hicho kikohozi chako ndani yangu. Nina kimashine nyumbani cha kupuliza kila asubuhi, kinachopima nguvu ya pumzi, nami huandika namba kwenye daftari la kliniki. Namba ikaanza kushuka. Nikaandika ile ya zamani. Kesho yake tena. Wiki sita, Zuhura. Nikapumzika kwenye ghorofa ya pili nikijifanya nasoma simu, ili Mama asijue kwamba siwezi kufika ya nne kwa mkupuo. Nilijua maana yake. Mwili umeanza kuyakataa. Nilijua pia kwamba kadiri wanavyojua mapema ndivyo wanavyoweza kuzuia, na bado sikusema, na ndipo nilipokuelewa wewe na lile neno lako, usiseme. Ni kwamba usiposema, bado hujaanza kufa.

Alhamisi moja, baada ya shule, miguu ilinipeleka kwenu. Mlango ulikuwa wazi. Mama yako alikuwa ameketi kwenye kigoda anakanda unga wa mahamri. Amepungua sana. Nikasema shikamoo. Aliniangalia macho tu juu ya barakoa, akanijua.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umechelewa?"

Kana kwamba alinituma dukani. Nilianza kulia hapohapo mlangoni, na nikamwambia yote nikiwa nimesimama: mkono wako, usiseme, pazia, sista. Hakuacha kukanda.

"Nilijua," alisema. "Yule sista aliniambia mchana uleule. Nilikuchukia, Njoki. Mwaka mzima. Nikisikia watu wanasema yule wa Kayole amerudi, anatembea, naingia ndani nafunga mlango."

Nikasema, "Haki yako, Mama Zuhura."

"Ngoja. Yangu huyajui." Sasa mikono ilisimama ndani ya unga. "Simu ilipokuja nilimgusa shingo, nikakuta anachoma. Nikampa vidonge viwili vya homa, kwa funda moja la maji. Ndiyo maana kipimo hakikuona kitu. Mimi, mama yake. Nikamuuliza, nani mwingine anajua? Akasema Njoki. Nikamwambia, basi tumekwisha, Njoki atasema." Alitoa mikono kwenye unga. "Akaniambia, 'Najua.'"

Zuhura, nimelipindua neno hilo kila upande. Najua. Ulijua nitasema, na bado ulinionyesha mkono wako. Ulijua nitasema, na ukanichungulia kwenye pazia ukatabasamu. Ulikuwa unaniomba ninyamaze, au ulikuwa unanipa jambo ambalo wewe mwenyewe hukuweza kulisema? Mama yako pia hajui. Tulikaa na swali hilo, mimi na yeye, unga ukikauka vidoleni mwake.

Nikakohoa. Mbili fupi, moja ndefu.

Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Nilimwona anakutafuta nyuma yangu. Kisha macho yake yakanirudia.

"Hicho cha tangu lini?"

"Ni vumbi tu."

"Njoki."

"Wiki sita."

"Mama yako anajua?" Nilivuta barakoa juu. "Daktari?"

Na mimi nikasema, kwa kinywa changu, "Usimwambie Mama. Tafadhali."

Aliosha mikono kwenye karai, taratibu, kidole kwa kidole. Akachukua buibui yake kwenye msumari. "Nilinyamaza kwa mmoja," alisema. "Kwa wawili siwezi." Akanishika mkono kwa nguvu, tukatoka, na kabla jua halijazama alikuwa amekaa sebuleni kwetu Kayole, mbele ya mama yangu, na daftari langu la namba za uongo liko wazi kati yao. Nilimchukia, Zuhura. Kwa muda wa kama dakika kumi nilimchukia hadi nikageukia ukuta. Nami nikiwa nimegeukia ukuta nikajua jinsi ulivyokuwa mgongo wako kwa upande wa ndani.

Sijui kama nawe chuki yako kwangu ilidumu dakika kumi, ama siku zote tisa.

Nililazwa kesho yake. Walipitisha kamera ndogo hadi ndani ya mapafu, wakachukua vipande vya nyama. Ni ule ukataaji wa polepole, njia ndogo za hewa zinajifunga kwa makovu, jambo linalowapata wengi baada ya miaka michache, na hakuna anayejua vizuri kulitibu. Wamebadilisha dawa. Namba haijapanda, ila imeacha kushuka. Daktari wetu ametaja, mara moja tu, kupandikiza tena. Nimemwambia nitafikiri. Nikiingia kwenye orodha hiyo patakuwa na mtoto mwingine mbele yangu au nyuma yangu, na mzazi fulani mahali fulani atakayeombwa akiwa analia. Yule wa kwanza sijui hata jina lake. Huwa namwambia asante ninapopuliza kimashine asubuhi, na sijui kama ananisikia kama ninavyokusikia wewe.

Daktari wa kule anataka kuniona mwezi ujao. Mama hawezi kuacha kazi tena, na nilidhani nitakwenda na shangazi. Jana mama yako alikuja na bahasha ya pasipoti. Alisema picha yake ya mle ni ya wakati alipokuwa bado na mashavu, lakini haijaisha muda. Ni yeye atakayenipeleka. Hajawahi kurudi pale tangu wakufukie.

Kwa hiyo nakuaga kwa sasa, rafiki yangu. Sikuombi msamaha katika karatasi hii, maana huwezi kunijibu na mimi nitajijibia ninavyopenda. Nakuahidi haya tu: nitaandika namba za kweli, hata zikiwa mbaya. Na mwezi ujao, kama pumzi zitanifikisha, nitaingia ndani ya lile lango. Nikizuiwa kwa kuwa mimi ni wa kanisani, nitabaki nje na mama yako ataingia. Atakuonyesha mahali nilipo, na mimi nitaita jina lako kutoka pale barabarani, kwa sauti kubwa kadiri mapafu haya yatakavyokubali.

Njoki